Mchanga wa Shimo la Pili

Upepo wa mwera, ule utokao kusini, ulipoanza kuvuma, Fabien alikuwa ameshatapika mpaka hakuna tena aliyemcheka. Chelezo walichofanyia kazi, mbao zilizofungwa juu ya mapipa matupu, kilipanda na kushuka juu ya maji, na kila kiliposhuka yeye alikumbatia mguu wa mtambo wa kutobolea akafumba macho. Alikuwa mtu wa Bukavu, kwa hiyo wenzake walidhani ziwa na yeye ni ndugu. Hawakujua kwamba aliwahi kusimama ufukoni mwa ziwa Kivu akaona mashua ikipinduka na mama yake mdogo ndani, amejifunga kitenge kipya cha Pasaka.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Upande ule wa Salima palitakiwa kujengwa gati, ili meli za abiria zisiendelee kushusha watu na mizigo ndani ya mitumbwi. Kabla ya kusimika nguzo hata moja ilibidi ijulikane chini ya maji kuna nini: mchanga, mwamba au tope. Kampuni moja ya Lilongwe ikatuma watu watoboe mashimo matatu, moja karibu na ufuko, la pili mbele kidogo, na la tatu mbali, pale ambapo kichwa cha gati kingesimama na meli kufungwa. Katika kila shimo walishusha bomba la chuma, wakalipiga kwa nyundo nzito na kuhesabu mapigo, kisha wakatoa udongo ulioingia bombani na kuutia katika mifuko ya plastiki kwenda maabara.

Shimo la tatu lilikuwa halijafika popote mafuta ya injini yalipokwisha. Gakiza, jirani yake Fabien kambini Dzaleka, akaruka ndani ya mtumbwi kwenda ufukoni kuleta mengine. Gakiza alizaliwa Rumonge, kando ya Tanganyika, na juu ya chelezo alitembea kama mtu aliye uani kwake. Ndiye aliyemtafutia Fabien kazi hii. Kila walipopita kizuizi cha polisi, wawili hao walilala kifudifudi nyuma ya gari la kampuni, katikati ya mabomba, turubai limewafunika, kwa sababu mkimbizi hana ruhusa ya kufanya kazi nje ya kambi. Chini ya turubai hilo Gakiza alikuwa akinong'ona mizaha mpaka Fabien aume kiganja asicheke.

Mtumbwi ulipokwisha kufika mbali, Fabien alimgeukia msimamizi wao, Kachingwe, akamwita kwa ile "A" ya heshima ya Chichewa.

"A Kachingwe, nakuomba. Turudi. Hiki kitu kitapinduka."

"Na Madam, mhandisi wetu, nimwambie nini? Kwamba Mkongo wangu anaogopa maji?"

"Mwambie upepo."

Kachingwe aliyatazama mawimbi. Naye hakuwa na raha. Alikuwa amevaa kizibao cha kuokolea maisha juu ya kingine. Akakohoa, akaonyesha ndoo iliyokuwa pembeni, imejaa mchanga uliobaki wa shimo la pili.

"Mchanga ni mchanga," alisema. "Jaza mifuko ya shimo la tatu. Mapigo nitayaandika mimi."

Fabien alikuwa amesoma ujenzi miaka miwili katika chuo cha Bukavu. Alijua vizuri kwamba mchanga si mchanga. Akachota. Lililomshangaza baadaye, alipokuwa analala bila usingizi, ni kwamba mikono yake iliacha kutetemeka palepale alipoanza kujaza.

Gakiza aliporudi na mafuta aliwakuta wanang'oa nanga.

"Tayari?"

"Tayari," alisema Kachingwe. "Chini kulikuwa kwepesi."

Gakiza akacheka, akampiga Fabien begani. "Unaona? Njo maana nilikwambia utazoea."

*

Wiki iliyofuata, katika ua wa maabara Lilongwe, Mhandisi Nachisale alimimina mchanga wa mifuko miwili juu ya bati safi, mafungu mawili ubavu kwa ubavu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, na watu walimwogopa kwa sababu hiyo ya sauti.

"Huu wa shimo la pili, huu wa shimo la tatu," alisema kwa Kiingereza. "Chembe zilezile. Hata vipande vya konokono ni vilevile. Kadiri unavyokwenda mbali na ufuko udongo hubadilika. Ziwa halizai mapacha. Nani hufunga mifuko?"

"Gakiza," alijibu Kachingwe, haraka, kama mtu anayesukuma mlango kabla haujafungwa.

Ni kweli kwamba siku zote aliyefunga mifuko ni Gakiza. Akainua kichwa, akajieleza kwa Chichewa chake cha kuungaunga: siku ile alikwenda kuleta mafuta, aliporudi mifuko ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Mafuta yalikuja mapema," alisema Kachingwe. "Ulikuwapo."

Gakiza hakupandisha sauti. Alimgeukia Fabien akasema kwa Kiswahili, "Ndugu yangu, baambie. We ulikuwa pale juu."

Fabien alitazama bati. Akilini alimwona Carelle, binti yake, akirudi kutoka shule na sare mpya iliyonunuliwa kwa mshahara huu. Aliyaona malori ya mwaka ule wakimbizi waliokuwa wakiishi mjini walipokusanywa na kurudishwa Dzaleka, watu wamekaa juu ya magodoro yao. Kisha akamwona Kachingwe mwenyewe, aliyekuwa hamtazami kabisa.

"Mi nilikuwa nagonjwa," alisema. "Sikuona muzuri."

"Anasema nini?" aliuliza mhandisi.

Fabien alirudia kwa Kiingereza. "Nasema nilikuwa mgonjwa, Madam. Sikuona."

Kwa hiyo alilisema mara mbili, kwa lugha mbili. Gakiza alimtazama muda wa kutosha kumeza mate, kisha akavua glavu za kampuni, akazipanga juu ya meza kidole kwa kidole, akatoka getini kwa miguu. Hakuwa tena na gari la kampuni wala turubai la kumfunika. Alikuwa anakwenda kupanda minibasi karibu na soko la Tsoka polisi waliokuwa wakikagua karatasi walipomsimamisha.

*

Sophie, mke wa Fabien, alikuwa fundi cherehani, na alijua kusoma uso wa mumewe kama alivyojua kusoma mshono mbovu. Hakumuuliza mpaka Carelle alipotoka kwenda kuchota maji.

"Sema."

Akamwambia yote, toka ndoo mpaka bati. Sophie alisikiliza akiwa ameshika kipande cha kitambaa, akikikunja, akikikunjua.

"Na Gakiza iko wapi sasa?"

"Bamemufunga. Kule mjini."

"Yesu wangu." Akaweka kitambaa chini, akasema kwa sauti ambayo Fabien hakuifahamu: "Papa Carelle, ukisema, nani atakuajiri tena? Na kama bakikuuliza ulifikaje kule Salima, si na we batakufunga? Nyamaza. Bayo balokole ba kanisa batasaidia Annuarite, bibi yake. Gakiza ni mwanaume mwenye nguvu, atatoka."

"We njo unaniambia hivyo?"

"Mi njo nakuambia. Usinitazame hivyo. Ni we ulijaza mifuko."

Kesho yake Sophie alipika sombe, majani ya muhogo, akaijaza mafuta ya mawese aliyokuwa akiyaficha kwa ajili ya Krismasi, akaipeleka nyumba ya pili, kwa Annuarite, mke wa Gakiza. Annuarite alikuwa mtu wa Uvira, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Siku hiyo aliipokea sahani kwa mikono miwili na machozi yakamtoka. "Mama Carelle, Mungu akuone," alisema. "Bengine banapita mlangoni kama mi niko na ugonjwa." Akakaa kula mbele yake, kwa heshima, kama inavyotakiwa, na Sophie alilazimika kukaa na kumtazama akila. Aliporudi nyumbani alimkaripia Carelle kwa jambo dogo, halafu akaomba msamaha, halafu akaanza kushona nguo ambayo haikuwa na mwenyewe.

Siku mbili baadaye Annuarite alipiga hodi. Alivaa nguo zake za kanisani, amemfunga mtoto wake Cadeau mgongoni.

"Papa Carelle, nimepata ruhusa kwenye ofisi ya kambi, ya kwenda kuona bwana yangu. Bamesema naweza kwenda na mutu wa kunitafsiria. Kingereza mi sijui, na Chichewa yangu ni ya nyanya na mafuta tu. We umesoma. Unisindikize."

Fabien alimtazama Sophie. Sophie alitazama sindano.

"Nitakuja," alisema Fabien.

*

Kituoni hawakuruhusiwa kumwona Gakiza. Afisa wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alimpa hata Annuarite kiti. Alieleza kwamba kosa ni dogo, lakini mtu amekamatwa mjini bila ruhusa na hataki kutaja aliyemwajiri.

"Hataki?" Fabien aliuliza.

"Hataki. Anasema akimtaja mwajiri, wenzake watakosa kazi. Aje mwajiri mwenyewe aeleze, tumrudishe kambini na onyo. La sivyo, mahakamani, na huko mambo huchukua muda."

Fabien alimtafsiria Annuarite maneno ya kiti, ya kosa dogo na ya mwajiri. Lile la wenzake alilimeza. Annuarite alisimama palepale, akakaza kanga iliyomshika mtoto.

"Basi twende kwa huyo mama muhandisi. We unajua kwake."

Walitembea. Fabien alitafuta sababu ya kuahirisha na kila kona ilimnyima. Alisema pengine mhandisi hayupo. Annuarite alisema watamngoja. Alisema huenda amekasirika, Annuarite alisema, "Hasira ya mwanamke mi naijua, nitaongea naye." Pale kwenye mitaa ya maofisi alinunua karanga kwa mwanamke wa kando ya barabara, akampa Fabien nyingi zaidi. "Kula, Papa Carelle. Umeamka mapema sababu yetu."

Mhandisi Nachisale alikuwapo. Aliwapokea uani, kando ya meza ileile ya bati, mikono imejaa vumbi la udongo. Alimsalimia Annuarite kwa upole, akasikiliza. Fabien alipomaliza, alitikisa kichwa.

"Mwambie namhurumia. Lakini siwezi kwenda kumtetea mtu huyo. Mwambie mumewe alichofanya. Mwambie gati hilo lingebeba akina mama na watoto wakisubiri meli, na chini ya nguzo hatujui kuna nini. Angeweza kuua watu kwa sababu ya uvivu. Mwambie hivyohivyo."

Annuarite alikuwa anautazama mdomo wa Fabien, akingoja.

"Anasema," Fabien alianza. "Anasema atafikiri. Anasema ana kazi mingi."

Lakini Annuarite alikuwa ameuona uso wa mhandisi, na uso hautafsiriwi. "Hapana," alisema. "Amesema kitu kibaya juu ya Gakiza. Niambie."

"Anasema... Gakiza alidanganya kwa udongo."

Yule mwanamke mwembamba aliinua kidevu. Hakumtazama Fabien tena. Alimtazama mhandisi machoni na kuzungumza naye kwa Kiswahili moja kwa moja, kana kwamba kwa nguvu tu angemfanya aelewe.

"Bwana yangu hakudanganya. Mi nililala na ye miaka hii yote, najua uongo yake, ni ya kuchekesha tu. Alinipigia simu mbele polisi bamunyang'anye. Aliniambia: mi nilienda kutafuta mafuta, na Fabien anajua. Njo maneno alisema. Fabien anajua."

Ndani ya maabara mashine ya kuchekecha mchanga ilikuwa inatikisika.

"Amesema nini?" aliuliza mhandisi. "Nimesikia jina lako."

Fabien aligundua kwamba Annuarite alikuwa na jambo hili tangu siku ya kwanza. Alikuwa nalo alipokula sombe, alikuwa nalo alipompa karanga. Hakuja kumtega; kama angemshuku, angekuja na hasira. Kwake yeye, "Fabien anajua" lilikuwa neno zuri, ushahidi uliowekwa mahali salama, na alikuwa akingoja tu afikishwe mbele ya mtu anayefaa kuusikia.

"Madam," alisema, na Kiingereza chake, alichokuwa akijivunia, kikamkauka mdomoni. "Anasema mumewe alikwenda kuleta mafuta. Anasema mimi najua." Akapumua. "Ni kweli. Najua. Mifuko niliijaza mimi, kwa mchanga wa shimo la pili. Niliogopa maji. A Kachingwe aliniruhusu, lakini mkono ulikuwa wangu."

Mhandisi hakupiga kelele. Alifuta vumbi mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuuliza ukiwa umesimama hapohapo ulipo."

"Ndiyo, Madam."

"Ukaniambia ulikuwa mgonjwa."

"Ndiyo."

Akasema, kama anajisemesha mwenyewe, "Nami nilijua mnatoka wapi, nikajifanya sijui, kwa sababu nyinyi ni watu wa bei rahisi." Akachukua funguo za gari. "Nitakwenda kituoni. Nitasema alikuwa anafanya kazi kwangu. Litakalonipata litanipata. Sasa mwambie mama huyu ulichoniambia. Kwa lugha yake. Nitangoja."

Naye akangoja kweli, amesimama katikati yao. Fabien alimwambia Annuarite. Hakuongeza upepo, hakuongeza mashua ya Kivu. Alipomaliza, Annuarite alimhamisha mtoto kutoka mgongoni akamweka kifuani, kama mtu anayeona mvua inakuja.

"Sophie anajua?"

Fabien alitazama bati.

"Sombe ile alinileteaka," alisema Annuarite polepole. "Alikuwa anajua?"

Annuarite akamfuata mhandisi kwenye gari, na Fabien alirudi Dzaleka peke yake, akiwa ameshika ruhusa ya kumtafsiria mtu ambaye hakumhitaji tena.

*

Gakiza alitolewa. Kachingwe aliondolewa kazini. Fabien alidhani na yake imekwisha, lakini mhandisi alituma ujumbe: ameomba kambini ruhusa ya maandishi kwa watu wawili, Gakiza na Fabien, ili shimo la tatu litobolewe upya. "Baada ya hapo wewe utarudi nyumbani," ulisema ujumbe. "Ila kwanza utakuwa juu ya chelezo."

Safari hii walikaa mbele, kwenye viti, karatasi mfukoni. Polisi wa kizuizini alizisoma, akawapungia mkono. Hapakuwa na turubai wala mizaha. Gakiza alitazama mashamba ya mahindi mpaka Salima.

Mwera ulikuwa umelala asubuhi, lakini walipofika katikati ya kazi ukaamka. Mhandisi alikuwa pamoja nao juu ya chelezo, kofia imefungwa kidevuni. Bomba lilipita mchanga wa juu kwa mapigo ya kawaida, nyundo ikidunda, Gakiza akihesabu kwa sauti. Kisha wakaongeza chuma kingine, na kabla nyundo haijainuliwa, chuma kikaanza kwenda chenyewe. Kilishuka kwa uzito wake tu, bila pigo, kimya, kama kijiko ndani ya uji, na kikaendelea kushuka. Lilikuwa tope, tope tupu, pale ambapo nguzo za kichwa cha gati zingesimamishwa.

"Hata pigo moja?" aliuliza mhandisi.

"Hata moja, Madam," alisema Gakiza.

Fabien alitazama maji. Aliona watu wamesimama juu ya gati ambalo halikuwapo, wana mabegi, wana kuku, wana watoto wa kushika mkono, akaliachia bomba na kuchuchumaa ukingoni. Chelezo kikainama upande wake.

Gakiza aliweka chini spana. Alichukua kamba, akamzungushia Fabien kiunoni, akaifunga kwenye nguzo ya mtambo kwa mafundo mawili, akaivuta kuijaribu. Alifanya hivyo bila kumtazama usoni.

"Gakiza," Fabien alisema. "Ndugu yangu, mi—"

"Usiniite ndugu. Shika chuma."

Fabien akashika chuma. Walivuta pamoja mpaka jua lilipopinda, na hapakuwa na neno jingine kati yao isipokuwa yale ya kazi: vuta, legeza, ngoja.

Alipofika Dzaleka alimkuta Sophie amekaa kizingitini, mikono haina kitambaa. Alikuwa ametoka kwa Annuarite. Alibisha hodi, akasikia watu ndani, na mlango haukufunguliwa.

"Mulisemezana?" alimuuliza mumewe.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Alinifunga kamba kwenye kiuno, nisianguke mu maji."

Sophie aliutazama mlango wa nyumba ya pili kwa muda.

"Angeweza kukuacha hivyo tu," alisema.

"Angeweza," alisema Fabien, akaingia ndani.